BUSTANI YA MASIKA NA MTUMISHI MWENYE KUHAMISHWA

Ndugu Wanachama,

Kila mwaka masika yanapokaribia huku pwani, maneno mawili husikika katika nyumba zetu. La kwanza: "Mvua imekuja, sasa bustani itajitunza yenyewe." La pili: "Nilime kwa faida ya nani, na huenda nikahamishwa kabla sijavuna?" Nataka kuyajibu yote mawili, maana kwa ajili yake twala wali mkavu, na mshahara wetu waishia sokoni kabla mwezi haujafika nusu.

Nianze na lile la kwanza. Mvua hainyeshei mboga peke yake. Hunyeshea magugu, konokono na maradhi pia. Wakati wa kiangazi kazi ya mwenye bustani ni kuleta maji, na wakati wa masika kazi yake ni kuyaondoa. Mizizi yahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa, hata mche hugeuka manjano na kunyauka katikati ya maji mengi. Basi matuta yainuliwe kadiri ya shubiri moja, na upana wake usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati bila ya kukanyaga udongo. Mfereji wa kutoa maji uchimbwe kwa mtelemko. Maji yakituama humo, mbu hutaga, na baada ya wiki moja au mbili tutakuwa tumefuga homa badala ya mboga.

Udongo wa mfinyanzi usilimwe ukiwa tope, maana ukikauka huwa kama tofali. Samadi iwe imeoza vema, tena itiwe kidogo kidogo, kwa kuwa mvua kubwa huichukua rutuba yake na kuipeleka mizizi isikofika. Nyasi kavu zitandazwe juu ya tuta, ili matone yasirushe udongo juu ya majani, kwani maradhi mengi hupanda kwa njia hiyo. Walakini konokono hupenda kujificha humo. Watafutwe alfajiri na jioni.

Tena yatupasa kuchagua vema. Wengi wetu hatutaki illa nyanya na kabichi, kwa kuwa zaonekana kuwa mboga za heshima. Nyanya zikipata mvua nyingi pamoja na baridi, kama ilivyo katika milima ya Lushoto, hushikwa upesi na baka jani, ugonjwa ule ule ulioharibu viazi vya Ireland tangu mwaka 1845 ukaleta njaa kuu. Sisemi zisipandwe, nasema karani asiweke tumaini lake lote humo. Apande mchicha, ambao huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo mno, basi zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa, na kitalu kifunikwe kwa makuti siku za kwanza zisije zikachukuliwa na maji. Apande matembele, yasiyotaka mbegu bali vipande vya mashina tu. Apande na kunde na bamia. Majani haya ya kijani huwapa watoto vitamini A, iliyo ngao ya macho yao.

Wala kazi hii si ya wake zetu peke yao. Wako wanaoona haya kushika jembe mbele ya jirani, ati mkono wa kalamu haushiki mpini. Nusu saa kabla ya kwenda ofisini yatosha kung'oa magugu ya matuta mawili, wala kalamu haitakasirika.

Sasa lile la pili. Ni kweli, hatujichagulii kituo. Lakini tufikiri: sote twahamishwa. Anayetoka Tanga hukuta kichaka Tabora, na anayefika Tanga hukuta kichaka alichoacha mwenziwe. Kila mmoja huanza upya, na kila mmoja hulalamika. Tena wako wang'oao hata mche wa mwisho siku ya safari, ili mwingine asile jasho lao. Huko ni kujilipiza kisasi sisi wenyewe.

Shauri langu ni hili. Watumishi Waafrika wa Serikali walipounda chama chao Tanga mwaka 1922, waliona kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kitu. Basi na sisi tuweke desturi: mwanachama anayehamishwa amkabidhi mwenziwe bustani kama anavyomkabidhi funguo na majalada. Achukue mbegu, aache miche. Amweleze pia majira ya mahali, kwa kuwa Tanga ina masika na vuli, bali Tabora ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hata Aprili. Naye aliyezoea pwani atakosea asipoambiwa. Na kila tawi liweke chupa kavu za mbegu kwa ajili ya wageni.

Wengine watasema, "Huenda huyo ajaye ni mvivu, ataiacha ife." Huenda. Hata majalada huwaangukia wavivu, wala hatuyachani kabla ya kuondoka.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tugaegae, ndugu zangu, na aliye nyuma yetu tumwachie kitoweo.

Wasalaam,
Mwanachama