Disko Vumbi la Handeni na Korogwe Linamcheza Prodyuza, Sifa Anakula MC

Kila aliyewahi kukanyaga disko vumbi anaijua hii. Ni usiku wa Idi, au mahindi yametoka shambani na watu wana visenti mfukoni. Uwanja uko pembeni ya Mkata, au Kabuku, au kijiji chochote cha Handeni ambacho gari likipita mchana linaacha wingu nyuma. Jenereta linanguruma, spika zimepangwa moja juu ya nyingine, turubai limezungushwa ili wasiolipa wasichungulie. MC anachana wee, wana wanatikisa mabega kistaarabu. Halafu MC ananyamaza. Kinabaki kinanda kinacholia kama filimbi ya trafiki na ngoma inayokimbia kuliko moyo wa mwizi. Hapo ndipo vumbi linapopanda mpaka kwenye taa.

Sasa fikiria kidogo. Uwanja umechizika wakati hakuna mtu anayeimba. Aliyewachizisha hayupo jukwaani. Ni jamaa fulani aliyekaa chumbani na kompyuta, feni bovu, akikata na kuunga sauti mpaka alfajiri. Uwanja mzima umemcheza yeye, na uwanja mzima haulijui jina lake.

Huo ndio ukweli mchungu wa singeli. Ndiyo muziki wa Bongo unaomtegemea prodyuza kuliko aina nyingine yoyote, na ndiyo unaomficha prodyuza kuliko aina nyingine yoyote.

Jina linapotelea njiani

Chukua safari ya wimbo mmoja. Unapikwa Dar, tuseme Mburahati. Unapanda basi ndani ya flashi ya konda, unapita Chalinze, unafika Mkata inakochepuka njia ya Handeni mjini. Wengine wanasonga nao mpaka Segera, barabara inagawanyika: huku Tanga, huku Korogwe na kuendelea mpaka Moshi na Arusha. Bodaboda wa Chanika anaukuta kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo. Mwenzake wa Manundu, pale Korogwe, naye anaukuta kwenye kibanda kama hicho hicho.

Ulipotoka Dar ulikuwa na jina la MC, jina la studio na jina la aliyepika biti. Ukifika kwenye memori kadi umeshakuwa "SINGELI KALI 14". DJ wa kijijini naye akiudaka anaubandika sauti yake juu, anajitaja kila baada ya mstari. Kufika Idi inayofuata, kuna watu wataapa kwamba wimbo ni wa huyo DJ.

Kwenye bongo fleva angalau kuna adabu. P-Funk Majani wa Bongo Records na Master Jay wa MJ Records walijulikana na kizazi kizima kama wanavyojulikana wasanii. Leo S2Kizzy anatajwa mwanzoni mwa wimbo na watu wanapiga kelele kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Uliza sasa "Hainaga Ushemeji" kaimba nani: mtoto wa shule ya msingi atakujibu Man Fongo bila kupepesa. Muulize biti kapika nani, utaona anavyokutazama.

Muulize Moroder

Kuna Mtaliano mmoja anaitwa Giorgio Moroder, mzaliwa wa 1940. Mwaka 1977, akifanya kazi Munich, Ujerumani, alimpikia Mmarekani Donna Summer wimbo unaoitwa "I Feel Love". Zama hizo disko ilikuwa ya bendi kubwa, magitaa, matarumbeta na vinanda vya watu kadhaa. Moroder na mwenzake Pete Bellotte wakaja na muziki karibu wote unaotoka kwenye mashine ya Moog. Ukashika namba moja Uingereza, na muziki wa kuchezea klabu haukurudi tena ulikokuwa.

Donna akabaki malkia wa disko, na alistahili. Ila Moroder hakupotea. Alichukua Oscar tatu kwa muziki wa filamu, na mwaka 2013 wale jamaa wa Daft Punk wakamweka kwenye albamu yao akisimulia maisha yake mwenyewe, wimbo ukabeba jina lake. Hakuimba "I Feel Love". Lakini hakuna anayesimulia historia ya disko akaruka jina lake.

Bongo nayo ina akina Moroder wake, na mashine zao ni za bei rahisi zaidi. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku wa uswahilini Dar: vinanda vidogo vya Casio, ngoma, na vikuza sauti vya kuungaunga vilivyokoroma kwa makusudi. Jagwa Music waliubeba mchiriku huo mpaka albamu yao ya "Bongo Hotheads" ikatolewa Ubelgiji mwaka 2012. Ilipoingia kompyuta, vijana wakachukua kipande cha taarab au cha mchiriku, wakakikata, wakakizungusha, wakakikimbiza. Disko ya kawaida huwa inatembea kwenye mapigo kama 120 kwa dakika. Singeli inaanzia 200 na kuna inayogusa 300.

Na wazee wa Korogwe wanaosema hizo ni kelele za watoto wa Dar, wakumbushwe kidogo. Mkoa wao wa Tanga ndio uliolipa taarab gitaa la umeme, besi na mdundo wa kuchezeka, enzi za Black Star na Lucky Star, sauti ya Shakila ikisikika mpaka Mombasa. Wakati huo pia kulikuwa na wazee waliosema taarab imeharibiwa.

Kazi 5 za maprodyuza ambazo disko vumbi linazidai heshima

5. Duke, "Uingizaji Hewa". Duke ni wa Pamoja Records, Dar. Huyu anaichanganya singeli na hip hop, kwa hiyo ndani ya mbio zile kuna sehemu unapata pa kusimamisha mguu. Jina la albamu ni utani mtupu kwa yeyote aliyewahi kuingia studio ya uswahilini: chumba kimoja, watu kumi, dirisha limezibwa na godoro ili sauti isitoke.

4. Jay Mitta, "Tatizo Pesa". Maneno mawili na maisha yote ya kitaa yameisha. Kuna watu wanadhani biti haiwezi kusema kitu mpaka MC aingie. Sikiliza kinanda cha Jay Mitta kinavyohangaika, kinapanda, kinarudi, hakitulii. Hayo ndiyo mahangaiko ya mtu anayetafuta hela ya kodi.

3. DJ Travella, "Mr Mixondo" (2022). Dogo kabisa wa kizazi cha simu. Anaicheza singeli kama mtu anayecheza gemu: anavuta sauti hii, anaitupa, anadaka nyingine. Ukiwa na umri wa kuwa na watoto wanaosoma, inaweza kukuumiza kichwa. Ukiwa na miaka 17 pale Manundu, utaielewa kabla hujaimaliza.

2. Albamu ya pamoja, "Sounds of Sisso" (2017). Hii ndiyo iliyofungua mlango. Studio ya Sisso ya Mburahati ilikusanya kazi zake, na Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikaitoa kwa ajili ya dunia. Uzuri wake ni kwamba inakusikilizisha studio kama timu. MC wanapokezana lakini mkono wa jikoni unaujua, kama unavyoujua wali wa mama hata akipakua mtu mwingine.

1. Bamba Pana, "Poaa" (2018). Sababu ya kukaa namba moja ni rahisi: sehemu kubwa ya albamu ni biti peke yake. Kuna nyimbo ambazo Makaveli anaingia na kuchana, na anaua. Ila kabla hajaja, Bamba Pana ameshakutoa jasho bila neno hata moja. Ni ile dakika ya MC kunyamaza, ikanyooshwa kuwa albamu. Mtu akibisha kwamba prodyuza ni msanii kamili, mpe hii, kaa kimya, msubiri.

Kazi hizi zimepita mikononi mwa watu wa Kampala na Ulaya, wakazinunua na kuandika majina ya walioziandaa herufi kwa herufi. Mzungu wa Berlin anajua Sisso ni nani. Bodaboda wa Handeni anayeipiga singeli kuanzia alfajiri mpaka taa ya pikipiki inawaka, hajui. Hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

"Bila MC hakuna singeli"

Hilo litasemwa, na lina ukweli wake. MC ndiye anayebeba maneno ya mtaa. Ndiye anayewataja wana, anayewasema wambea, anayewachekesha walioachwa. Msaga Sumu na Dulla Makabila hawakupewa majina yao kwa bahati nasibu. Hakuna anayetaka kuwanyang'anya. Kumtaja wa pili hakumpunguzi wa kwanza. Donna Summer hakupungua hata sentimita moja.

Wengine watasema prodyuza alishalipwa chake, biti kauza, biashara imeisha. Ni kweli, wengi wanauza hivyo: elfu kadhaa mkononi, wengine chipsi na soda, hakuna karatasi, hakuna jina. Tatizo linakuja wimbo ukishalipuka. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA ipo kwa kazi hiyo. Lakini mirabaha inafuata jina lililoandikwa. Wimbo unaoitwa "SINGELI KALI 14" hauna wa kumlipa.

Na hili halihusu Dar peke yake. Kuna vijana Handeni na Korogwe leo wana kompyuta za kuazima na programu za kupikia biti, na biti zao zinapigwa kwenye vigodoro na harusi za vijiji jirani. Wakiona jina halitoki, wanafunga begi kwenda Dar kuanza upya kwenye foleni ndefu. Korogwe inaijua vizuri hadithi hii kupitia mkonge: shamba lako, jua lako, mgongo wako, halafu kamba inasokotwa kwingine na inarudi ikiwa na bei.

Dawa yake haina gharama

Mwenye kibanda, ukiingiza wimbo kwenye simu ya mtu, liache jina kama lilivyokuja. DJ, kabla ya kujitaja mara ishirini, mtaje aliyepika mara moja tu. Mwandaaji wa disko vumbi, kwenye bango lako kuna nafasi ya picha ya spika na ya msichana asiyekuwepo. Jina la prodyuza litaenea. MC, wewe ndiye mwenye kipaza sauti: aliyekupa mdundo mpe sekunde mbili. Mkwanja hautakuja siku hiyo hiyo, lakini hakuna mkwanja uliowahi kumfuata mtu asiye na jina.

Na wewe mdau unayelipa kiingilio, kazi yako ni ndogo kuliko ya wote. Safari hii MC akinyamaza na vumbi likaanza kupanda, sogea kwa DJ umuulize: hii kapika nani? Akikutajia jina, limbebe mpaka kijiweni. Akikosa jibu, mwambie akalitafute, utamuuliza tena wiki ijayo.