Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Mchezo ni wa Nani?

Hivi karibuni nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda bara, kwenye milima ya Kisii na Nyamira, kumjulia hali sahibu yangu wa siku nyingi. Tulipofika Keroka mvua ya alasiri ikatukamata, tukajikinga katika chumba kimoja ambamo vijana hulipa wakacheza mpira wa kwenye mashine ya video. Mmoja wao alikuwa amevaa jezi ya Shabana, timu yao ya Kisii iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2023. Lakini kwenye kioo alikuwa akiichezesha klabu ya Uingereza.

"Mwanangu," nikamwuliza, "mbona huchezi na Shabana yako?"

Akacheka. "Haimo humu, mzee."

Jawabu lile halikunitoka moyoni. Msomaji mpenzi, mashine hizo za michezo zina mabwana watatu wakubwa duniani: Sony na Nintendo wa Japani, na Microsoft wa Marekani. Mashine bila michezo ni sanduku tupu. Ndiyo maana mabwana hao hununua karakana za michezo, yaani kampuni ambamo wachoraji, wanamuziki na mafundi wa kompyuta hukaa pamoja wakautunga mchezo. Mwaka 2023 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Swali lililo vinywani mwa wapenzi wa michezo ni hili: karakana ipi inafaa kununuliwa sasa? Nami nina neno langu, na nililipata Tabaka.

Tabaka, huko Kisii, ndiko kunakotoka yale mawe laini, meupe na ya waridi, ambayo sisi watu wa pwani tunayaona madukani yamekuwa vifaru, sahani na vibao vya sataranji. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'ae. Nilimkuta fundi akimalizia seti ya sataranji. Nilipomwuliza kama yeye mwenyewe huucheza mchezo ule, alitikisa kichwa: "Sisi tunauchonga tu." Bei aliyonitajia ilinitia haya, kwani seti kama ile nimeiona Mombasa kwa bei iliyoizidi mara nyingi, na hapana mahali palipoandikwa jina la aliyeichonga. Kweli, Tabaka imemtoa Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imefika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini kwa kila Ong'esa mmoja, wako mafundi wengi ambao jiwe lao limesafiri na jina lao likabaki nyumbani.

Basi funzo ni hili: mnunuzi mwenye akili hununua mkono, si jiwe. Tazameni mifano miwili. Sony iliinunua Insomniac ya Marekani mwaka 2019 kwa dola milioni 229, baada ya kufanya kazi pamoja tangu miaka ya 1990. Walikuwa wamejuana tabia kabla ya ndoa, na karakana hiyo ikaendelea kuzaa, ikatoa Spider-Man 2 mwaka 2023. Microsoft nayo iliipata Tango Gameworks ya Tokyo mwaka 2021, ikiwa ndani ya fungu kubwa lililonunuliwa kwa pamoja. Mwaka 2023 Tango ikatoa Hi-Fi Rush, watu wakausifu mno. Mei 2024 bwana wake akatangaza kuifunga. Ilikuja kuokolewa na Krafton ya Korea Kusini. Anayenunua kwa mafungu hupotewa na johari ndani ya fungu.

Huku kwetu Afrika ningemwelekeza mnunuzi wapi? Kwanza Johannesburg, kwa Nyamakop. Mchezo wao Semblance uliingia kwenye mashine ya Nintendo mwaka 2018, na mwaka 2025 walitangaza Relooted, ambao wachezaji wake wanarudisha vitu vya kale vya Afrika kutoka majumba ya makumbusho ya Magharibi. Hao wameshajua kazi ya mashine hizi na wana la kusema. Pili, Kiro'o ya Kameruni, iliyotoa Aurion mwaka 2016 kwa kutumia hekaya za Kiafrika. Tatu, Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mghana Eyram Tawia na Mkenya Wesley Kirinya. Hizi mbili za mwisho nisingeshauri zinunuliwe leo. Zipewe kwanza mkataba wa mchezo mmoja, na fedha za kutosha, ndipo pande zote mbili zijuane. Na yeyote atakayenunuliwa, sharti liwe moja: jina libaki, mafundi wabaki, na mji wao ubaki ndio mji wao.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ya vijana hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Sisi tuna bao letu, mashimo 32 na kete 64, lenye nyumba yake, lenye namua na mtaji. Siku moja mtu atalitia kwenye mashine. Akiwa fundi wa Lamu au Unguja aliyekaa barazani na wazee, litakuwa bao. Akiwa mgeni aliyesoma kanuni kwa haraka, watoto wetu watalipa kucheza kitu chenye jina la bao, na sisi tutabaki kusema tunachosema sasa kuhusu vibao vya Tabaka.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Yule kijana wa Keroka anacheza kwao kila jioni, na tuzo yake yote inavuka bahari. Namwombea aishi aione Shabana ndani ya kioo kile, imetiwa na mkono wa mtu wa Kisii, na jina la fundi limeandikwa.