Kiranja Naye Ashike Ufagio

Katika shule yetu viranja hawamo katika zamu ya kusafisha vyoo. Wao husimama mlangoni na daftari, wakiandika majina ya wavivu. Kisha twashangaa kwa nini kazi hufanywa kwa kununa! Mimi naona desturi hii ifutwe.

Kule Kaptagat, nchini Kenya, Eliud Kipchoge aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbiaji chini ya mwalimu wake, Bwana Patrick Sang. Hata baada ya kushinda mbio za marathoni za Olimpiki mwaka 2016, zamu yake ilipofika alisugua vyoo kama kijana aliyeingia kambini jana. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji wengi walipokezana kumwongoza na kumkinga upepo, baadhi yao wenzake wa kambini. Sisemi ufagio ndio uliomkimbiza. Lakini wale wa kambini walimjua mtu waliyemkinga.

Wako watakaosema kiranja akibeba ndoo heshima yake itashuka. Heshima gani hiyo iogopayo ndoo? Tena asuguaye hujua kwamba ndoo imetoboka na bomba limekauka tangu alfajiri. Mwenye daftari huona uvivu tu, akaandika jina la mtu asiye na kosa.

Basi muhula ujao orodha ya zamu ibandikwe ubaoni, na Jumatatu ya kwanza iwe ya kiranja mkuu.