Hesabu ya Walimu wa Afghanistan

Ni miaka kadhaa sasa tangu Septemba 2021, shule za sekondari za Afghanistan zilipofunguliwa kwa wavulana na wasichana wakaachwa majumbani. Machi 2022 wasichana waliahidiwa kurejea. Wakaenda shuleni na kurudishwa siku hiyo hiyo. Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwa wanawake. Mwaka 2024 UNESCO ilikadiria kuwa wasichana wasiopungua milioni 1.4 wamekwisha kunyimwa masomo ya sekondari. Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alitamka wazi kwamba katazo la vyuo vikuu linapingana na sharia, nasi hatuna la kuongeza juu ya kauli yake. Tunalotaka kuwaonesha wasomaji wetu ni jambo lisilozungumzwa sana, nalo ni hesabu ya walimu.

Wapangaji wa elimu katika nchi zilizovurugwa na vita hutumia vielelezo vya kihisabati. Ukivivua maneno yake makubwa, ni hesabu ambayo mtu aliyezoea kugawa mirathi hatashindwa nayo. Chukua walimu waliopo mwaka huu, toa watakaostaafu, watakaofariki, watakaohama na watakaoacha kazi, kisha jumlisha wanaohitimu. Hao ndio walimu wa mwakani. Halafu walinganishe na idadi ya watoto.

Tuchukue mfano wa kuelewesha tu. Walimu wanawake 1,000 wanafundisha watoto 40,000, yaani kila mmoja watoto 40. Tuseme kila mwaka walimu 7 katika kila 100 wanaondoka, na hakuna mwanamke mpya anayehitimu. Baada ya miaka 10 wanabaki 484. Watoto nao, wakiongezeka kwa asilimia 2.5 kwa mwaka, watakuwa wamefika 51,200. Kila mwalimu atakuwa na watoto 106.

Atakuwepo wa kusema kwamba hesabu hizi hazina msingi, kwani sensa ya Afghanistan ilifanyika mwaka 1979 na vita vikaizuia kukamilika, na mwaka 2015 wakaguzi wa Marekani walihoji taarifa za shule hewa na walimu hewa. Ni kweli takwimu za huko ni za kutiliwa shaka. Lakini badilisha tarakimu upendavyo: waondoke 4 tu katika 100, na baada ya miaka 10 watabaki 665, kila mmoja na watoto 77. Kisima kisichoingiza maji hukauka, hata wachotaji wakiwa wachache.

Na wanaodhani kwamba hili ni la wasichana peke yao wakumbuke mwaka 1996. Wanawake wa Kabul walipozuiwa kufanya kazi, shule nyingi za wavulana nazo zilisimama, kwa kuwa walimu wengi wa mji ule walikuwa wanawake. Desemba 2023 Human Rights Watch ilieleza jinsi walimu wanawake walivyoondolewa katika shule za wavulana, na nafasi zao kushikwa mara nyingi na watu wasio na sifa. Mzazi aliyenyamaza kwa kuwa mwanawe ni wa kiume anaguswa na hesabu ile ile.

Kinachotutia hofu zaidi ni muda. Msichana aliyekomea darasa la 6 anahitaji miaka 6 kumaliza la 12, kisha miaka 2 ya chuo cha ualimu. Amri ikifutwa kesho asubuhi, yeye ataingia darasani kufundisha baada ya miaka 8, na katika mfano wetu wa kwanza wale 1,000 watakuwa wamebaki 560. Madhara ya uamuzi wa namna hii huchelewa kuonekana, na yakishaonekana, dawa nayo huchelewa kufanya kazi.

Kwa hiyo siku milango itakapofunguliwa, inshaallah, wa kuitwa mwanzo ni wale waliokuwa darasa la 10 na la 11 mwaka 2021. Hao wana njia fupi zaidi ya kuufikia ualimu. Sasa wamevuka umri wa miaka 20, wengine wana watoto wa kulea, na kila mwaka unaopita idadi ya wanaoweza kurudi kwenye madawati inapungua.