Mushtarii Haimngoji Mpiga Picha

Januari mwaka huu wa 2026, kaskazi ikivuma, mimi na mpwa wangu tulipanda darini hapa Changamwe tukaielekeza darubini kwenye Mushtarii. Kijana akawasha kamera ya video, akaiacha dakika 10. Picha ilipotoka, lile Doa Kubwa Jekundu lilikuwa limetawanyika kama wino ulioingia maji. Yeye akailaumu darubini. Mimi naulaumu uroho.

Chuoni tulifunzwa majina: Mushtarii, Mirihi, Zohali. Lakini kujua jina si kujua mwendo. Mushtarii, kwa ukubwa wake wote, hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10. Kila dakika hugeuka zaidi ya nusu digrii. Kwa darubini kama yetu, dakika 2 au 3 zatosha. Mirihi huchukua saa 24 na dakika 37 hivi, tena ni ndogo machoni. Hiyo yavumilia dakika 5 na zaidi. Zohali nayo ina mbio, ila uso wake hauna alama nyingi za kuharibika.

Mtaniambia: hewa ikitikisika, video ndefu hutoa picha nyingi za kuchagua. Kweli. Basi chukueni fupi fupi, kila moja na saa yake, kisha kompyuta izilandanishe.

Picha ni ushahidi, na shahidi anayerefusha maneno huyachanganya. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.