Daktari Anayekaa: Tiba ya Familia na Haja ya Nyanda za Juu Kusini

Kila chuo cha udaktari hutoa, mara kwa mara, habari za idara zake. Mwalimu fulani amepandishwa cheo, mwingine amehamia chuo kingine, watatu wameajiriwa, wanafunzi wanne wamefaulu mtihani wa shahada ya uzamili. Katika idara nyingi habari hizo ni mambo ya nyumbani, na mgonjwa hapotezi kitu asipozisoma. Upasuaji wa kidole tumbo ni ule ule, awe aliyeshika kisu ameanza kazi jana au ana miaka kumi pale pale, mradi awe na ujuzi. Lakini katika idara ya tiba ya familia mambo ni tofauti. Habari za nani amekuja, nani ameondoka na nani amebaki ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa sababu chombo kikuu cha daktari wa familia ni muda ambao amekaa na watu anaowatibu.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika nchi za Afrika Mashariki, na hasa katika mikoa iliyo mbali na miji mikuu. Mbeya na Iringa ni mahali pafaapo kulipimia.

Maana ya tiba ya familia

Mabingwa wengi wa udaktari hugawanya mwili au umri. Yuko wa moyo, yuko wa macho, yuko wa watoto, yuko wa uzazi. Daktari wa familia hagawanyi hivyo. Yeye huchukua kaya nzima, yaani mtoto mchanga, mama yake mjamzito, baba mwenye shinikizo la damu na bibi mwenye kisukari, akawatibu katika mambo ya kawaida, akawapeleka kwa bingwa katika mambo mazito, na akawapokea tena wanaporudi. Kazi yake inachanganya tiba na kinga. Anajua sio tu ugonjwa alio nao mtu, bali pia nyumba anayotoka, maji anayokunywa na shamba linalomchosha.

Elimu hii imekwisha kuingia Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya aina hiyo mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Moi, huko Eldoret, kilifuata mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Aga Khan kikaanzisha mafunzo hayo Dar es Salaam katika miaka ya 2000. Hata hivyo, wahitimu wangali wachache, na aghalabu hupatikana mijini.

Hata hivyo ni makosa kudhani kwamba wazo lenyewe ni geni Tanzania. Kuanzia miaka ya 1960 nchi iliwafundisha madaktari wasaidizi. Mtu alianza akiwa tabibu, akafanya kazi zahanati au kituo cha afya kwa miaka kadhaa, kisha akarudi chuoni miaka miwili kujifunza tiba ya watu wazima, ya watoto, uzazi na upasuaji. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, ukatangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba madaktari wasaidizi ndio waliofanya zaidi ya nne kwa tano ya upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali zilizochunguzwa, na kwamba matokeo ya kazi yao hayakutofautiana kwa maana na yale ya madaktari wenye shahada. Daktari msaidizi, basi, alikuwa daktari wa familia hata kabla jina hilo halijafika. Alikosa mambo mawili: ngazi ya kitaaluma ya kupandia, na idara ya chuo kikuu ya kuuandika na kuuchunguza ujuzi wake.

Somo la Iringa

Mkoa wa Iringa una historia ambayo wanafunzi wa lishe duniani kote huisoma. Mwaka 1983 ulianza huko mpango wa lishe uliosimamiwa na Serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha zilizotolewa na Italia. Kwanza ulihusu vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito katika siku ya afya ya kijiji. Hesabu haikupelekwa wizarani ikakae katika makabati, bali ilisomwa na kujadiliwa pale pale na kamati ya kijiji: watoto wangapi wamepungua, kwa sababu gani, na kijiji kitafanya nini kabla ya mizani kurudi.

Majadiliano hayo yalifichua mambo ambayo hospitali isingeyaona. Ilionekana kwamba mtoto hakosi chakula tu, bali hukosa mtu wa kumlisha mara za kutosha, kwa kuwa mama yuko shambani tangu alfajiri. Vijiji vikaanzisha mahali pa kulelea na kulishia watoto wakati wazazi wako kazini. Ikaonekana pia kwamba uji mzito humshinda mtoto mdogo kumeza, na uji mwepesi humjaza tumbo kabla hajapata nguvu ya kutosha. Hapo sayansi ilikutana na maarifa ya akina mama. Unga wa kimea, yaani wa ulezi au mtama uliooteshwa, una kimeng'enya kinachokata wanga vipande vidogo. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito, uji hulainika na kumezeka kwa urahisi, na nguvu yake haipungui. Watengenezaji wa togwa walijua jambo hilo tangu kale. Wataalamu wa lishe walilieleza na kulisambaza.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, katika vijiji hivyo vya kwanza, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka yapata 56 kwa mia hadi yapata 38 kwa mia, na wale wenye upungufu mkali wakashuka kutoka zaidi ya 6 kwa mia hadi chini ya 2 kwa mia.

Sasa itazamwe hali ya karibuni. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto wapatao 57 kwa mia katika mkoa wa Iringa wamedumaa, ilhali wastani wa nchi nzima ni 30 kwa mia. Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa, ilikuwa na nusu ya watoto wake katika hali hiyo. Ni kweli kwamba vipimo hivi viwili si kitu kimoja, kwa kuwa ule wa zamani ulipima uzito kwa umri, na huu unapima kimo kwa umri. Haifai, basi, kuweka tarakimu bega kwa bega na kusema kwamba mkoa umerudi nyuma kwa kiasi fulani. Lakini inafaa kuuliza swali hili: imekuwaje nchi ya mahindi, viazi, maharagwe na maziwa, iliyolisha mikoa mingine kwa miongo mingi, ikawa ya kwanza kwa watoto waliodumaa?

Jibu haliko ghalani peke yake. Udumavu huanza tumboni mwa mama aliyechoka na asiyekula vizuri, ukaendelezwa na kuharisha kwa mara kwa mara, na chakula cha aina moja, na kunyonyeshwa kwa haraka haraka katika msimu wa kupanda. Mtoto aliyedumaa halii kwa maumivu wala haletwi hospitalini kwa ajili ya udumavu; huletwa kwa kikohozi. Anayemtibu kikohozi hamwoni mama mjamzito, kwa maana huyo ana kliniki yake na kadi yake. Baba mwenye shinikizo la damu ana foleni nyingine. Kaya moja imegawanywa katika madaftari manne, wala hakuna anayeyafungua yote pamoja. Mpango wa mwaka 1983 ulilifanya daftari kuwa la kijiji. Mpango ulipokwisha, ilihitajika taaluma ya kudumu ya kulishika daftari hilo. Taaluma hiyo ndiyo tiba ya familia.

Hoja ya kukaa

Watafiti wa Norwe walitangaza, miaka michache iliyopita, uchunguzi uliohusu watu wapatao milioni 4.5, ambao kila mmoja amesajiliwa kwa daktari wake wa familia. Waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja au chini ya hapo. Miongoni mwa wale wa kwanza, uwezekano wa kufariki ulikuwa pungufu kwa kiasi cha robo, na kulazwa kwa dharura kulipungua kwa zaidi ya robo. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba kukaa peke yake ndiko kulikoleta nafuu. Lakini faida ilizidi hatua kwa hatua kadiri miaka ilivyoongezeka, na hiyo ni dalili isiyofaa kupuuzwa.

Atatokea wa kusema kwamba Norwe si Rungwe wala Kilolo. Ni kweli, ila tofauti hiyo inaongeza haja badala ya kuipunguza. Uchunguzi wa kitaifa wa virusi vya UKIMWI wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba katika Iringa na Njombe zaidi ya watu wazima 11 katika kila 100 walikuwa na virusi, na Mbeya zaidi ya 9, wakati wastani wa taifa ulikuwa wapata 5. Mtu huyo anatakiwa kumeza dawa kila siku maisha yake yote. Anayebadilishiwa mganga kila miezi sita hulazimika kueleza siri yake upya kila mara, na wengine huona heri kunyamaza na kutoweka. Ugonjwa wa siku tatu waweza kutibiwa na mpita njia, bali ugonjwa wa miaka thelathini wahitaji jirani.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni la uchumi. Nchi yenye madaktari wachache, husemwa, na iwasomeshe kwanza mabingwa wa upasuaji na wa magonjwa makubwa. Hoja hii inasahau kwamba bingwa aliyeko Hospitali ya Rufaa ya Mbeya hutumia muda wake kutibu mambo ambayo yangemalizikia wilayani. Kila mgonjwa wa aina hiyo asafiriye kilomita nyingi hulipa nauli, hupoteza siku za kazi, na huchukua nafasi ya yule ambaye kweli alistahili bingwa. Daktari wa familia hamnyang'anyi bingwa kazi. Humrudishia kazi yake.

Pingamizi la pili ni kwamba madaktari hawakai vijijini. Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kwamba huduma njema za tiba hupatikana kwa uchache zaidi pale zinapohitajiwa zaidi. Yeye mwenyewe alikaa kijijini kwake miongo kadhaa, akapima shinikizo la damu la watu wazima wake wote, wala si la waliokuja wakiumwa tu. Aliyoyaeleza si tabia mbaya ya madaktari, ila ni matokeo ya jinsi mafunzo, mishahara na heshima zinavyopangwa. Kinachopangwa na watu kinaweza kupangwa upya na watu.

Yanayopasa kufanywa

Kwanza, daktari wa familia afundishwe pale atakapofanya kazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya afya mjini Mbeya. Iringa ina Chuo cha Afya ya Msingi. Hospitali za Tosamaganga na Ilula zimehudumia vijiji kwa miaka mingi. Mwanafunzi anayejifunza mwaka mzima katika hospitali ya wilaya, akifuata kaya zile zile tangu mimba hadi mtoto atembee, hujifunza kitu kisichopatikana katika wodi ya mjini.

Pili, madaktari wasaidizi na matabibu wenye uzoefu wafunguliwe mlango wa kuingia taaluma hii, na miaka yao ya kazi ihesabiwe kuwa elimu.

Tatu, daktari wa familia asiachwe peke yake. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu hao wakikosa daktari wa kuwaongoza na kujifunza kutoka kwao, watageuka wapeleka karatasi. Wakiwa naye, watakuwa macho na masikio ya zahanati.

Nne, kukaa kulipwe. Nyumba, shule ya watoto, nafasi ya masomo na cheo visimngoje mtu mpaka ahame. Leo njia ya kupanda cheo ni barabara itokayo wilayani, na asiyeipita huhesabiwa kuwa ameshindwa.

Mwisho, idara zenyewe zibadili namna ya kutoa habari zao. Vyeo na shahada vitangazwe, kwa maana ni haki ya waliovipata. Lakini pembeni yake yatangazwe mambo mengine matatu: daktari wa kila kituo amekaa hapo miaka mingapi, watoto wa vijiji vyake wamekua kiasi gani, na wagonjwa wangapi wa maradhi ya kudumu wangali wanakuja. Wanavijiji wa Iringa walikwisha kuonyesha, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, kwamba hesabu ikisomwa mbele ya wenyewe huleta vitendo. Vyuo vya udaktari havipaswi kuona haya kujifunza kwao.