Mafuta ndani ya mashine

Hapa Mabanga tu karibu na Ziwa Kivu, lililofikiwa mwaka 1894 na Mjerumani von Götzen. Meli iliyopewa jina lake iliundwa Ujerumani, ikaletwa kwa vipande, ikaungwa tena Kigoma, penye Ziwa Tanganyika. Julai 1916, majeshi ya Kongo yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza walizipaka mashine mafuta mazito, zisiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaitengeneza. Tangu 1927, kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na mizigo miaka mingi.

Enyi wazazi, hasira ikiingia nyumbani, tusitamke neno la kuvunja kila kitu. Tubakize njia ya kupatana. Hata wale waliozamisha meli yao waliikumbuka kesho.